Mifereji ya Amsterdam mwezi wa kwanza: uende au ubaki zako Delft?

Nimeletewa swali na dada mmoja wa Mwanza, yeye anafanya kazi kwenye mambo ya maji, Januari anakuja Delft, mji mdogo hapa Uholanzi, kwa kozi fupi ya wiki tatu na katikati hapo ana Jumamosi na Jumapili ambazo hana kipindi. Kauliza hivi: "Kaka, wenzangu waliotangulia wananiambia mifereji ya Amsterdam ni ya kiangazi, Januari ni giza na baridi tu. Sasa niende au nibaki chumbani nilale? Boti zinatembea kweli? Na hii habari ya maji kuganda mpaka watu wanapita juu ni ya kweli au ni stori za mtandaoni? Nivae nini? Mimi baridi ninayoijua ni ya Mbeya nilikosoma." Kazi yangu mimi ni kutembeza wageni hapa Amsterdam, kwa miguu na kwa boti, kiangazi na baridi, kwaiyo swali limefika penyewe.

Dada, nenda. Na wala usiende kwa kujilazimisha eti nimeshafika Ulaya lazima nipige picha, nenda kwa sababu Januari kuna kitu utakiona ambacho wale wenzako wa Julai hawakukiona, nacho ni nyumba zenyewe. Kando ya mifereji mingi ya katikati ya mji imepandwa miti ya elm, mistari kwa mistari, na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi ile miti ina majani mazito kiasi kwamba ukiwa kwenye boti unaona majani, baiskeli na magari yaliyopaki, nyumba unaziona vipande vipande. Baridi ikiingia majani yote chini, na zile nyumba za karne ya 17 zinabaki wazi kuanzia ngazi ya mlangoni mpaka juu kabisa kwenye kilele kilichochongwa, kile kinachotokeza na boriti yenye ndoano. Hapo ndo utaelewa kwa nini UNESCO mwaka 2010 waliuweka huu mzunguko wa mifereji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Alafu foleni hamna. Kiangazi boti zinasubiriana chini ya madaraja kama daladala zimebanana stendi, muziki huku, walevi kule, sasa hivi mfereji mzima unaweza kuwa na boti mbili na bata.

Ila kuna jambo moja wageni wengi kutoka nyumbani wanalikosea kwenye mipango. Wanapanga siku kwa kuogopa baridi, wakati inabidi upange kwa kufuata mwanga. Baridi utavaa koti, giza hauna cha kulifanya. Katikati ya Januari jua hapa linachomoza kama saa tatu kasorobo asubuhi na linazama saa kumi na moja kasoro dakika chache, na kwa mtu aliyezoea jua la saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili hii inachanganya mwili kabisa, unaamka saa moja unadhani bado usiku wa manane. Kwaiyo ukisema utalala mpaka saa nne, unywe chai taratibu, utoke saa sita, basi siku imeshaisha nusu. Lakini kuna faida ndani yake. Kwanza jua halipandi juu, mchana kutwa linakuja kwa chini chini kama la saa kumi na moja jioni kule kwetu, likitoka (sisemi litatoka) linapiga zile kuta za matofali ubavuni, rangi zinakuwa tamu mno. Pili, giza la hapa haliingii ghafla. Mwanza jua likizama ukigeuka tu ni usiku, hapa baada ya jua kuzama unapata zaidi ya nusu saa ya anga la bluu iliyokolea wakati taa za mji zimeshawaka, na hiyo nusu saa ndo roho ya safari yako nzima. Mengine yote yapange kuizunguka hiyo.

Ratiba ambayo mimi ningekupa Jumamosi ni hii. Panda treni Delft mapema, ni kama saa moja hadi Amsterdam Centraal, ila angalia kwanza kwenye app ya reli kwa sababu wikiendi wanapenda kufanya matengenezo ya njia. Uwe umeshuka saa tatu na nusu hivi. Usishike Damrak, ile barabara iliyonyooka mbele ya stesheni ambayo kila mgeni anaifuata, huko ni maduka ya sumaku za friji na chipsi. Kata kulia, pita Haarlemmerstraat, kama dakika kumi unatokea Brouwersgracht, huu kwangu mimi ndo mfereji mzuri kuliko yote mjini, yale majengo yenye madirisha makubwa ya mbao yaliyopakwa rangi yalikuwa maghala, siku hizi ni fleti za watu wenye pesa zao. Unapokutana na Prinsengracht kuna kona yenye mkahawa wa zamani unaitwa Papeneiland, hao apple pie yao Bill Clinton alishaila na hawachoki kukukumbusha. Mbele kidogo ni Noordermarkt, Jumamosi kuna soko la wakulima, jibini, mikate, uyoga, asali, wauzaji wamevaa mpaka hawatambuliki, na pembeni ya uwanja kuna Winkel nao wana pie ya tofaa ambayo foleni yake Januari inavumilika. Wapi pazuri zaidi? Winkel, kipande chao ni kikubwa na krimu hawabanii. Ingia, pasha mwili moto, toka. Hiyo ndo staili ya kutembea msimu huu, saa moja nje, dakika ishirini ndani, ukijikaza saa tatu mfululizo utaishia kuuchukia mji wa watu.

Kutoka hapo fuata Prinsengracht kuelekea kusini, unapita nyumba ya Anne Frank (yule binti wa Kiyahudi aliyejificha humo enzi za Wanazi akaandika shajara) na kanisa la Westerkerk, alafu ingia kushoto kwenye ile mitaa midogo wanaiita De Negen Straatjes inayokatiza mifereji, ukivuka kutoka Prinsengracht kwenda Keizersgracht kwenda Herengracht. Simama katikati ya kila daraja uangalie pande zote mbili. Utagundua nyumba nyingi zimeinama kwa mbele, na sio kwamba zinaanguka (zingine kweli zimekaa upande, nguzo za mbao chini zimechoka), nyingi zilijengwa makusudi hivyo ili mzigo ukivutwa juu kwa kamba kwenye ile ndoano usigonge ukuta na kuvunja vioo. Ngazi za ndani ni nyembamba mno, kabati halipiti, mpaka leo watu wakihama vitu vinaingilia dirishani.

Ukifika Herengracht, kati ya Leidsestraat na Vijzelstraat ndo panaitwa Gouden Bocht, hapo matajiri walinunua viwanja viwili viwili wakajenga majumba mapana. Wageni wengi wanapita wanasema waoo na kuendelea. Wewe vuka Vijzelstraat utembee kidogo mpaka namba 502, nyumba rasmi ya meya wa jiji. Ile nyumba ilijengwa miaka ya 1670 kwa ajili ya Paulus Godin, mkurugenzi wa kampuni ya West India, yani mtu aliyekuwa kwenye biashara ya watumwa, na mbele yake kuna kibao cha kumbukumbu cha kueleza hilo. Meya Femke Halsema aliomba radhi rasmi kwa niaba ya jiji tarehe 1 Julai 2021. Mimi nikiwa na wageni wa kutoka Afrika huwa nasimama hapo kwa muda mrefu kuliko sehemu yoyote, sio kwa ajili ya kuharibiana siku, ila ukishajua pesa ilitoka wapi hata zile nakshi za juu unaziangalia kwa jicho jingine. Mifereji hii ilianza kuchimbwa 1613, na huwezi kuitenganisha na meli zilizokuwa zinapakia na kupakua huku.

Hatua chache tu kutoka hapo ni pale Herengracht inapokutana na Reguliersgracht. Kariri hii kona. Ukisimama hapo unaona madaraja ya Reguliersgracht yamejipanga moja nyuma ya lingine, saba, na kila tao limezungushiwa taa ndogo ndogo. Mchana ni madaraja tu ya kawaida, utajiuliza huyu kaka alikuwa anasifia nini. Rudi kwenye ile bluu ya jioni niliyokwambia. Tao lenye taa ni nusu duara, nusu nyingine inakaa kwenye maji, zinaungana zinakuwa pete kamili, na ndani ya ile pete unaona nyingine ndogo, na nyingine ndogo zaidi. Alafu boti inapita, pete ya chini inakatika inakuwa nyuzi nyuzi za njano zinachezacheza, boti ikishaondoka maji yanatulia taratibu na pete inajirudi. Kiangazi hii unaisubiria mpaka saa nne au tano usiku, Januari unaipata kabla ya chakula cha jioni.

Sasa boti. Zinatembea mwaka mzima, na ile nzuri ni ya saa kumi na nusu jioni. Safari ya kawaida ni kama saa moja mpaka saa moja na robo, kwaiyo utapanda kukiwa na mwanga, utaona jua likizama ukiwa majini, na utashuka usiku umeshaingia, yani umelipa tiketi moja umeona miji mitatu. Kuna aina mbili. Kuna yale makubwa ya vioo juu mpaka chini, yana hita, bei nafuu, na Januari huna haja ya kuyadharau. Shida yake moja, watu wakijaa pumzi zao na makoti yaliyolowa vinafanya vioo viwe na ukungu, unakaa unaangalia maji yanayotiririka kwenye kioo badala ya mji. Kaa nyuma kabisa karibu na mlango, mara nyingi kuna kieneo cha wazi pale unaweza kutoka ukapiga picha ukarudi. Na kama unapigia picha ndani, taa za ndani zitajichora kwenye kioo, bandika kamera ya simu kwenye kioo kabisa alafu jifunike kanga kichwani pamoja na simu, watu watakushangaa ila picha zako ndo zitakuwa zinaonekana. Aina ya pili ni boti ndogo za wazi, wanakupa blanketi na kitu cha moto cha kunywa, mnakuwa wachache, nahodha anaongea na nyie kama watu. Ghali kidogo, lakini unakuwa karibu na maji kabisa. Kama hakuna mvua na upepo umetulia mimi ningekupeleka kwenye hiyo bila kufikiria mara mbili. Na kuanzia 2025 jiji limetaka boti za abiria katikati ya mji zisitoe moshi, nyingi ni za umeme, kwaiyo ule mngurumo wa dizeli na harufu yake vimepungua sana.

Kama tarehe zako zinaangukia nusu ya kwanza ya Januari utakuta na Amsterdam Light Festival, ilianza 2012, huwa inaanza mwishoni mwa Novemba na kumalizika katikati ya Januari na kusogea kidogo. Wasanii wanaweka kazi za taa juu ya maji, chini ya madaraja, kwenye kuta. Zingine kali, zingine utasema hata fundi umeme wa mtaani angefanya. Boti za tamasha zinajaa, kata mapema. Ikiwa imeshapita usisononeke, taa za madaraja zipo kila siku, Magere Brug kwenye mto Amstel inawaka mwaka mzima.

Na hapohapo Magere Brug nataka usimame kama mtu wa maji maana kuna kitu chako. Ukiangalia upande wa ukumbi wa Carré utaona milango mikubwa ya mbao imekatiza mto, ndo Amstelsluizen, ya tangu miaka ya 1670. Huu mji hauna kupwa na kujaa tena. Tangu milango ya Oranjesluizen ilipofunga upande wa mashariki mwaka 1872 maji ya mifereji yanashikiliwa kwenye kimo kimoja, kama sentimita 40 chini ya NAP, ile sifuri yao ya kupimia kimo cha maji na ardhi, na kwa kuwa hayaendi popote yenyewe inabidi yasukumwe, wanafunga baadhi ya milango usiku na pampu za Zeeburg zinaingiza maji ya ziwa la IJmeer, ya zamani yanatoka kuelekea mfereji wa Bahari ya Kaskazini. Enzi hizo kabla ya mfumo huu wageni walikuwa wanaulalamikia mji kwa harufu. Siku hizi hata boti za watu wanaoishi majini, ambazo zipo kama 2,500, zimeunganishwa kwenye mfumo wa majitaka. Baridi ndo hata harufu kidogo ya kiangazi hamna. Kinachoendelea kutupwa ni baiskeli, idara ya maji inazivua kwa makucha ya chuma kati ya 12,000 na 15,000 kila mwaka, ukikuta ile boti kazini simama, ni burudani ya bure. Utakuta na sehemu zimezungushiwa vyuma na kuta zinajengwa upya, hiyo ni kwa sababu kuta za kingo zimechoka, Septemba 2020 kipande cha Grimburgwal kiliporomoka majini chote.

Alafu nenda mpaka Stopera, lile jengo lenye ofisi za jiji na opera pamoja, ndani kwenye njia ya kupita kuna mirija mitatu ya vioo yenye maji. Miwili inaonyesha kimo cha bahari muda huohuo kule IJmuiden na Vlissingen, inapanda na kushuka. Wa tatu umesimama mita 4.55, ndo kimo cha mafuriko ya 1953 yaliyoua watu zaidi ya 1,800 nchi hii. Unainua shingo kuutazama. Bure kabisa, na wageni wengi wanapita bila hata kugeuza kichwa.

Haya, barafu. Ni kweli maji yanaganda na ni kweli watu wanateleza juu yake na viatu vya chuma, ila ondoa hilo kwenye matarajio. Kwa miaka ya karibuni watu wameteleza kwenye mifereji ya katikati ya Amsterdam Februari 2012, mwanzoni mwa Machi 2018, na Februari 2021. Ndo hivyo tu, na kila mara ni siku chache. Maji ya hapa hayana chumvi ya kutosha kuzuia kuganda, shida ni kwamba inatakiwa baridi kali mfululizo mchana na usiku, na boti zikipita zinavunja vunja, ndo maana baridi ikikaza jiji linapiga marufuku boti kwenye baadhi ya mifereji ili barafu ikae. Waholanzi wakisikia hivyo wanachanganyikiwa, ofisi zinabaki nusu. Kuna mbio zao kubwa za Elfstedentocht kule Friesland, kama kilomita 200 juu ya barafu, zinahitaji unene wa sentimita 15 njia nzima, mara ya mwisho kufanyika ilikuwa 1997 na bado kila mwaka wanaziongelea kama zinakuja kesho. Ukikuta mfereji una ngozi nyeupe juu, usikanyage. Hata ukiona mtoto yuko juu yake. Chini ya madaraja na karibu na boti za makazi barafu huwa nyembamba kuliko katikati, wenyeji wanajua wapi wapite wewe hujui. Hamu ya kuteleza ikikubana nenda Jaap Edenbaan, uwanja wa barafu mashariki ya mji, viatu unakodi, utaanguka, watoto wa miaka minne watakupita, ni sehemu ya kiingilio.

Mavazi. Mbeya umejiandaa nusu. Uyole alfajiri mwezi wa sita ni baridi kweli, ila saa nne jua linakuokoa. Hapa Januari inacheza nyuzi 3 au 4, mara sifuri, na inabaki hapohapo kutwa nzima, na kuna unyevu na upepo wa baharini unaoingia kwenye mikono ya koti. Theluji ni siku chache sana, mvua ya manyunyu ndo mwenyeji. Kwaiyo usilete koti moja zito la kutisha ukavaa na fulana ndani, vaa tabaka. Fulana na taiti za joto ndani kabisa, sweta, alafu koti lisilopitisha upepo wala maji lenye kofia, na liwe refu lifunike makalio maana viti vya boti ni vya baridi. Mlango Mmoja pale Mwanza ukichambua mitumba vizuri hukosi koti la maana, yale mazito yanakosa wateja yanauzwa bei ya kutupa, na mengine yanatokea hukuhuku. Marvin inayofunika masikio, skafu, glavu zinazokubali kugusa simu. Viatu ndo usifanye masihara, soli nene yenye meno na viwe na nafasi ya soksi nzito, ukivaa soksi mbili kwenye kiatu kinachobana miguu inakufa ganzi haraka zaidi. Mwamvuli acha, upepo wa juu ya madaraja utaugeuza nje ndani dakika ya kwanza. Pakua Buienradar kwenye simu, inaonyesha mvua inakuja baada ya dakika ngapi, wenyeji hawatoki mlangoni bila kuiangalia, ikionyesha dakika ishirini za mvua unaagiza kahawa, ikipita unatoka.

Na usalama, nisilipite hili. Kingo za mifereji mingi hazina uzio, kuna kijichuma cha chini cha kuzuia magari tu. Matofali yakiwa na maji au barafu nyembamba yanateleza kama sabuni, na juu ya madaraja panaganda kwanza. Usirudi nyuma kinyumenyume ukipiga selfi. Maji ya baridi hivi yakikushika ghafla pumzi inakatika hata kama unajua kuogelea ziwani, na koti linakuwa zito. Ukiona mtu kaingia, mwelekeze kwenye ngazi za chuma za ukutani, piga 112, usiruke. Na ile njia nyekundu pembeni ni ya baiskeli, sio ya watembea kwa miguu, hawapunguzi mwendo baridi wala jua.

Kula. Supu ya njegere nzito wanaita erwtensoep au snert, kijiko kinasimama wima ndani yake, hiyo ndo dawa ya mchana. Ila ina nyama ya nguruwe na soseji, kama huli uliza kwanza, sehemu nyingi sasa wana ya mboga. Oliebollen ni kalimati kubwa saizi ya ngumi zilizomwagiwa sukari ya unga, tamu balaa, lakini vibanda vyake ni vya Novemba mpaka mwaka mpya, ukichelewa Januari vingi vimeshaondoka. Chokoleti ya moto na krimu juu ipo kila mahali. Jioni baada ya boti tafuta mkahawa wa kizamani wa mbao nyeusi pembeni ya mfereji, 't Smalle pale Egelantiersgracht au De Sluyswacht, kile kijumba cha mlinzi wa maji cha 1695 kilichoinama utadhani kinaanguka. Ukiingia De Sluyswacht ndo utajua hata sakafu imeinama, shikilia glasi.

Ukitembea jioni utaona kitu kingine, watu hapa hawafungi mapazia. Sebule nzima, vitabu, piano, baba anapika, paka dirishani, dari zenye michoro ya miaka 300 zinawashiwa taa. Kuangalia ukiwa unapita hakuna neno, kusimama na kutoa simu ndo uhuni. Ukitaka kuingia ndani ya nyumba za namna hiyo kihalali kuna Museum Van Loon pale Keizersgracht 672 na Willet-Holthuysen pale Herengracht 605, zote ni nyumba za matajiri zilizoachwa na samani zake, na siku ya mvua zinakuokoa. Chooni omba mkahawani unapokunywa, vile vya chuma vya kijani barabarani ni vya wanaume tu. Na njoo na kadi, sehemu nyingi hawapokei pesa taslimu kabisa, tramu na treni unagusa kadi kuingia na kutoka, kadi ileile moja, ukisahau kugusa kutoka wanakukata zaidi. Kivuko cha nyuma ya stesheni kwenda ng'ambo ya maji ya IJ ni bure, panda uende urudi, upepo wake utakukumbusha Kamanga ferry ila umekaa kwenye friji.

Jumapili baki Delft, usiidharau kwa kuwa ndo unalala hapo. Mfereji wa Oude Delft ni mwembamba, boti karibu hamna, na mnara wa kanisa la Oude Kerk umesimama pembeni ya maji ukiwa umeinama kama mita mbili kutoka wima, na una urefu wa mita 75. Mifereji midogo isiyopitiwa na boti ndo inaganda kwanza, kwaiyo baridi ikikaza wiki hiyo utaona barafu hapo mlangoni kwako kabla ya Amsterdam.

Kitu cha kufanya leoleo ni kimoja. Kama unataka kuingia nyumba ya Anne Frank, tiketi ni za mtandaoni tu, mlangoni hawauzi, na zinatolewa kila Jumanne kwa ajili ya siku za wiki sita mbele, zinaisha haraka hata Januari. Kwaiyo chukua tarehe ya Jumamosi yako, hesabu wiki sita kurudi nyuma, weka alamu Jumanne ya wiki hiyo asubuhi, na uchague muda wa mchana wa saa saba hivi, usije ukakata ya saa kumi na nusu ukaikosa boti.